Kamba ya Mzamiaji: Habari za Vyombo vya Kumlinda Mtu Chini ya Maji

Katika kijitabu cha kumbukumbu ya miaka kumi ni desturi kusimulia habari za pamba, mizani na maghala, nazo mtazisoma katika kurasa nyingine. Ukurasa huu ni wa ziwa. Sisi watu wa Geita hatuwezi kujisahaulisha maji. Miaka mingi mtu aliyekwenda Mwanza kwa shughuli za chama au kwa matibabu alipanda kivuko pale Busisi akashukia Kigongo. Daraja lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea adha hiyo, lakini wenzetu wa visiwani na mialoni wangali wakisafiri kwa mashua kila siku.

Siku ya tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, meli ya MV Bukoba iliyokuwa ikitoka Bukoba kupitia Kemondo ilipinduka karibu na Mwanza. Hukadiriwa kwamba watu zaidi ya 800 walikufa. Meli haikuzama mara moja. Ilielea kifudifudi, na ndani ya tumbo lake walikuwamo watu walio hai, wakivuta hewa iliyonaswa humo. Palipotobolewa tundu ili watolewe, hewa ile ikatoka kwa nguvu, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikaenda chini. Baadaye walikuja wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini, kazi yao ikiwa ni kutafuta maiti.

Tangu siku zile watu wengi wamekuwa wakiuliza: je, mzamiaji akiwa chini huona nini, na hujuaje mahali alipo?

Jawabu la kwanza ni kwamba katika ziwa letu huona kidogo sana. Maji yana rangi ya majani kwa wingi wa vijimea vidogo, na mita chache tu chini nuru hupungua mno. Kioo anachovaa usoni humwezesha kuona, lakini humdanganya pia: kitu huonekana kikubwa kuliko kilivyo kwa thuluthi moja, na karibu zaidi kwa robo. Masikio nayo hayamfai sana. Sauti majini hukimbia kama mita 1,480 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, hata hufika katika masikio yote mawili karibu kwa wakati mmoja. Basi mzamiaji husikia mgongo wa chuma unagongwa, ila hawezi kusema ni kulia au kushoto, mbele au nyuma. Hebu fikiri mtu aliye katika hali hiyo, ndani ya meli iliyopinduka, ambamo sakafu imekuwa dari na mlango umekuwa shimo!

Kwa ajili hiyo chombo cha kale kuliko vyote ni kamba. Katika Ghuba ya Uajemi, ambako watu wengi wa Afrika ya Mashariki walipelekwa utumwani katika karne ya 19 na kutiwa katika kazi ya lulu, mzamiaji alishuka na jiwe mguuni na kibano puani. Juu chomboni alikaa mwenzake mwenye kushika kamba. Mzamiaji alipoishiwa na pumzi aliitikisa, na mwenzake akamvuta. Hakuwa na taa wala saa. Uhai wake wote ulikuwa katika kiganja cha mtu asiyemwona. Nadhani hakuna jambo katika historia ya kazi hii linalopita hilo kwa uzito, na vyombo vyote vilivyofuata ni nyongeza yake.

Katika miaka ya 1830, Augustus Siebe, Mjerumani aliyekaa London, alitengeneza kofia ya chuma yenye vioo iliyounganishwa na vazi lisiloingiza maji, na hewa ikasukumwa kutoka juu kwa pampu. Mwaka 1839 wahandisi wa jeshi la Uingereza, chini ya Kanali Pasley, walianza kuyatumia mavazi hayo kulibomoa gofu la manowari Royal George. Pasley ndiye aliyependekeza wazamiaji washuke wawili wawili, ili kila mmoja awe jicho la mwenziwe. Kamba haikuachwa. Katika kanuni za wanamaji wa Marekani, mvuto mmoja kutoka juu huuliza, "U mzima?" na mzamiaji hujibu kwa mvuto mmoja. Akinaswa na kutaka msaada, huvuta mara mbili, mbili, na mbili tena. Hata simu ilipotiwa ndani ya kofia, kamba ilibaki, kwa maana waya hukatika na sauti hupotea.

Hapa yafaa kumtaja mtu mmoja anayetuhusu sisi wa nchi ya dhahabu. Daktari John Scott Haldane wa Uingereza ndiye aliyeshauri kwamba waendao chini ya migodi wachukue chiriku katika tundu, kwa kuwa ndege yule huzidiwa na hewa ya sumu kabla ya mtu. Na ni yeye huyo, mwaka 1908, aliyetangaza majedwali ya kumwongoza mzamiaji apande kwa vituo. Mtu akikaa chini sana, naitrojeni huingia katika damu. Akipanda kwa haraka hutoka kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafula, na huweza kumlemaza au kumwua. Bwana huyo alielewa kwamba mchimbaji na mzamiaji wana adui mmoja, yaani kitu wasichokiona wala kukinusa. Wenzetu washukao katika maduara ya dhahabu kwa kamba hawahitaji kuelezwa zaidi.

Mwaka 1943 Wafaransa Cousteau na Gagnan walitengeneza chombo cha kumpa mzamiaji hewa kutoka mtungi wa mgongoni, akawa huru na pampu. Uhuru huo ulikuwa na gharama yake: sasa ilimlazimu kubeba mwenyewe kipimo cha hewa iliyobaki, kipimo cha kina, saa, dira na taa. Tangu miaka ya 1980 kompyuta ndogo ya mkononi imekuwa ikikusanya habari za kina na muda, ikimwambia lini apande.

Lakini vipimo vingi vilitengenezwa kwa ajili ya bahari, na ziwa letu liko mita 1,134 juu yake. Hewa ya huku ni nyepesi zaidi. Kipimo cha kina kilichorekebishwa pwani, kikiletwa Mwanza, huonyesha pungufu kwa zaidi ya mita moja, na jedwali la baharini humruhusu mtu kukaa chini kupita kiasi kilicho salama. Mzamiaji mgeni asiyezingatia jambo hili huweza kudhurika hali vyombo vyake vyote ni vizima.

Tarehe 20 Septemba 2018 msiba ulirudi. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimesheheni watu waliotoka gulioni Bugolora. Waliokufa walikuwa 228. Kivuko kilielea kifudifudi, vilevile kama meli ya mwaka 1996. Wazamiaji wakasikia sauti kutoka ndani, nao wakaendelea kutafuta. Tarehe 22, baada ya siku mbili, walimkuta fundi wa mitambo amejifungia katika chumba karibu na injini, ambamo hewa ilikuwa imesalia. Walimtoa akiwa hai, akachukuliwa hospitali. Alikuwa mmoja wa watu 41 waliookoka.