Majani Makavu ya Jirani: Ukuta Ulioinama na Sheria ya Moto ya California

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Mwezi Januari 2025 moto ulioitwa Eaton uliteremka kutoka milima ya San Gabriel, jimbo la California nchini Marekani, ukauingia mji wa Altadena. Majengo zaidi ya 9,000 yaliteketea, na miongoni mwake Masjid Al-Taqwa. Tulipozipata habari hizo tulijiuliza swali la kifiqhi. Jimbo lile lina sheria inayomlazimisha mtu kufyeka majani na kupunguza matawi ndani ya kiwanja chake mwenyewe. Je, jambo hilo lina asili katika vitabu vyetu, au ni kumwingilia mtu katika milki yake?

Kwanza tuijue sheria. Katika maeneo ya milima, misitu na nyika, mwenye nyumba alitakiwa kusafisha futi 30 kuizunguka. Tangu mwaka 2005 zikawa futi 100, yaani mita 30 hivi. Mwaka 1991 moto wa vilima vya Oakland uliua watu 25 na kuunguza makazi yapatayo 3,000, na mwaka uliofuata bunge la jimbo likaagiza maeneo ya hatari kubwa yaainishwe hata ndani ya miji. Mwaka 2020 ikapitishwa sheria ya futi tano za mwanzo, zile zinazogusana na ukuta. Mkaguzi hufika, huandika kasoro, humpa mwenye nyumba muda wa kurekebisha, na akikaidi hutozwa faini.

Sababu yake ni hii. Waliochunguza nyumba zilizoungua wameona kuwa nyingi hazikufikiwa na ndimi za moto wa msituni. Zilishikwa na cheche zilizopeperushwa na upepo, zikaangukia majani makavu kwenye mfereji wa paa au kuni zilizoegemezwa ukutani. Nyumba moja ikishika, nayo hurusha cheche kwa jirani. Basi anayeacha magugu yake hajidhuru peke yake.

Wapo watakaokimbilia mlango wa harimu, wakitaja zile dhiraa 40 za kuzunguka kisima. Sisi hatuoni kuwa ndio mlango wake. Harimu ni haki ya mwenye kisima juu ya wengine, wasichimbe karibu naye. Hapa tunazungumzia wajibu wa mwenye mali kwa ajili ya wengine. Hayo mawili hayafanani ila kwa kupimwa.

Asili iliyo karibu zaidi ni kuondoa madhara. Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Musa (r.a.) kuwa nyumba iliungua usiku mjini Madina pamoja na watu wake, na Mtume (s.a.w.) alipoelezwa akasema kwamba moto ni adui, akaamrisha uzimwe kabla ya kulala. Agizo hilo ni la kujikinga kabla moto haujashika.

Mji wa Kiislamu ulioujua moto kuliko mingi ni Istanbul, kwa kuwa nyumba zake zilikuwa za mbao na zilibanana. Mwaka 1660 (1070 Hijria) sehemu kubwa ya mji iliteketea. Mwaka 1865 uliungua mtaa wa Hocapaşa na mitaa ya jirani, na serikali ikaunda tume iliyopanua barabara palipoungua. Miaka minne baadaye jopo la Ahmed Cevdet Paşa likaanza kutoa Majalla, mkusanyo wa hukumu za Kihanafi uliokamilika mwaka 1876. Kifungu cha 919 kinasema kuwa moto ukizuka na mtu akaibomoa nyumba ya mwingine bila ridhaa yake ili moto ukome hapo, basi akiwa amefanya kwa amri ya wenye mamlaka hadhamini. Akifanya kwa rai yake mwenyewe, atalipa. Hukumu hii ilikuwa kongwe kabla ya Majalla. Lakini inahusu saa ya moto wenyewe, na sheria ya California inahusu siku ambazo hakuna moshi.

Kwa siku hizo tutazame kifungu cha 928. Ukuta wa mtu ukianguka ukaharibu mali ya mwingine, hadhamini. Lakini ukiwa umeinama, naye akaonywa aubomoe, muda wa kutosha ukapita asifanye, atadhamini. Ukuta ni wake, umo katika milki yake, wala hakuusukuma. Kilichomtia hatiani ni onyo na muda. Tunaona majani makavu ni ukuta ulioinama, na karatasi ya mkaguzi ndiyo onyo.

Sisi wa pwani ni Mashafii wengi wetu, na lazima tuseme kweli: Imam Nawawi katika Minhaj ameitanguliza kauli kuwa ukuta uliojengwa wima kisha ukainama na kuanguka hauna dhamana, na ile ya kudhamini aliyeweza kuubomoa au kuutengeneza ameitaja kwa "imesemwa". Kwa hiyo Mshafii hatamlipisha jirani kwa uzembe tu kabla ya amri kutolewa. Amri ikishatoka, panaingia kanuni aliyoiandika Suyuti katika Al-Ashbah, kwamba uendeshaji wa kiongozi juu ya raia umefungwa na maslaha. Amri ya kufyeka inalinda roho, na ni vigumu kupata maslaha yaliyo wazi kuliko hayo.

Tena sheria ile, kwa asili, humkomesha mtu kwenye mpaka wa kiwanja chake; hapewi ruhusa ya kuingia kwa jirani na panga. Fuqahaa wangeliridhia hilo.

Limebaki la msikiti. Miti ya waqfu haikatwi kwa matakwa ya msimamizi. Lakini kuuhifadhi waqfu wenyewe hutangulia mgawo wa wanufaika, na gharama yake hutolewa katika mapato yake. Msimamizi aliyeonywa akaacha matawi yalale juu ya paa la msikiti hana udhuru wa kusema kuwa mti ni waqfu, kwani hata paa ni waqfu.

Wallahu aalam.