Supachaja na turbo katika injini moja: Nguvu, joto na gharama zake

KUONGEZA nguvu za injini ya gari bila kuongeza ukubwa wake ni jambo lililowashughulisha wahandisi kwa zaidi ya miaka mia moja. Njia kuu ni ile ya kuisukumia injini hewa nyingi kuliko ile inayoweza kuivuta yenyewe, ili iweze kuchoma mafuta mengi zaidi katika kila mzunguko. Kazi hiyo hufanywa na mitambo miwili inayofahamika sana, supachaja na turbo. Magari mengi yenye mitambo hii huwa na mmoja tu. Machache yamefungwa yote miwili kwa pamoja, na mafundi wanaoongeza nguvu za magari wamekuwa wakijaribu kufanya vivyo hivyo katika karakana zao.

Tofauti ya mitambo hiyo

Supachaja huzungushwa na injini yenyewe, kwa kawaida kwa mkanda unaopita kwenye puli ya shafti kuu. Kwa sababu hiyo huanza kusukuma hewa mara tu injini inapozunguka, hata kwa mwendo mdogo. Dereva anapokanyaga mafuta, nguvu huja papo hapo. Kasoro yake ni kwamba nguvu ya kuizungusha hutoka kwenye injini ileile, na kadiri mwendo unavyopanda ndivyo mzigo huo unavyoongezeka.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye silinda. Moshi huo una joto na msukumo ambao vinginevyo ungepotea kupitia bomba la nyuma. Gurudumu lake dogo linaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Udhaifu wake hujitokeza injini inapozunguka polepole. Moshi huwa kidogo, gurudumu huchelewa kushika kasi, na dereva hukanyaga mafuta akasubiri kabla ya gari kuitikia. Turbo ikiwa kubwa, kusubiri huko huwa kurefu zaidi.

Hapo ndipo lilipozaliwa wazo la kuyaunganisha. Supachaja hushika kazi mwanzoni, turbo huipokea mwendo unapopanda, na kila mmoja hufunika upungufu wa mwenzake.

Kutoka angani hadi barabarani

Matumizi ya mitambo miwili ya hewa hayakuanzia kwenye magari. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege ya kivita ya Marekani aina ya P-47 Thunderbolt ilikuwa na turbo pamoja na supachaja iliyozungushwa kwa gia za injini. Lengo lilikuwa kuipatia injini hewa ya kutosha katika anga za juu, ambako hewa ni nyepesi.

Kwa upande wa magari, mfano unaotajwa sana ni Lancia Delta S4 ya Italia, iliyotengenezwa kwa ajili ya mashindano ya dunia ya magari katika kundi lililoitwa Group B. Injini yake ilikuwa na silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,759. Ujazo huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha. Kanuni za wakati huo zilitaka ujazo wa injini yenye mtambo wa kusukuma hewa uzidishwe kwa 1.4 ili kujua daraja lake. Kwa hesabu hiyo Delta S4 ilihesabiwa kuwa na takriban 2,463, chini ya kikomo cha 2,500, na hivyo kuruhusiwa kuwa na uzito mdogo.

Gari hilo lilianza mashindano ya dunia kwenye RAC Rally ya Uingereza mwezi Novemba 1985, na Henri Toivonen wa Finland akashinda. Januari 1986 alishinda tena Monte Carlo. Mei 2, 1986, Toivonen na msomaji ramani wake, Sergio Cresto, walifariki dunia huko Corsica baada ya gari lao kuacha njia, kutumbukia bondeni na kuwaka moto. Chanzo cha ajali hiyo hakikupata kujulikana kwa uhakika. Muda mfupi baadaye iliamuliwa kwamba magari ya Group B yasishindane tena katika msimu wa 1987.

Katika Safari Rally ya mwaka huo wa 1986 nchini Kenya, Lancia haikuleta Delta S4. Ilileta gari lake la zamani, 037, lenye supachaja pekee, na Markku Alén akashika nafasi ya tatu nyuma ya Toyota mbili.

Japani nayo ilikuwa na gari la aina hiyo. Mwaka 1988 Nissan ilitoa March R kwa ajili ya mashindano, na mwaka 1989 ikafuata March Super Turbo ya barabarani. Injini yake ilikuwa na ujazo wa 930 tu, lakini ilitoa nguvu za farasi 110.

Volkswagen na magari ya kawaida

Mwaka 2005 Volkswagen ya Ujerumani ilipeleka teknolojia hiyo kwa wanunuzi wa kawaida kupitia Golf GT. Injini yake ya lita 1.4 ilitoa nguvu za farasi 170. Supachaja iliunganishwa kwa klachi ya sumaku na ilifanya kazi wakati wote dereva alipohitaji nguvu chini ya mizunguko 2,400 kwa dakika. Kati ya 2,400 na 3,500 iliitwa pale tu ilipohitajika, na juu ya hapo turbo ilibaki peke yake. Injini hiyo ilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya Injini Bora ya Mwaka 2009 na 2010.

Hata hivyo, Volkswagen haikuendelea nayo. Polo GTI iliyokuwa na injini ya aina hiyo ilibadilishiwa injini ya lita 1.8 yenye turbo pekee. Turbo za kisasa huitikia haraka kuliko za zamani, na mtambo mmoja ni rahisi kuutengeneza, kuufunga na kuutunza.

Kinachotokea ndani ya injini

Mwenye gari anayefikiria kufungiwa mitambo yote miwili anapaswa kuelewa kwanza hesabu ya msukumo. Ikiwa hewa inatoka kwenye mtambo mmoja na kuingia kwenye mwingine, misukumo hiyo haijumlishwi, bali huzidishwa. Mtambo wa kwanza ukiikandamiza hewa mara 1.5 ya kawaida, na wa pili mara 1.5 tena, hewa itakayoingia kwenye silinda itakuwa imekandamizwa mara 2.25.

Hewa inayokandamizwa hupata joto. Kwa kiwango hicho, hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 30 inaweza kutoka ikiwa imezidi nyuzi 100 isipopozwa. Ndiyo maana intakula, yaani kipoza hewa, haiwezi kuachwa. Delta S4 ilikuwa nazo mbili.

Hewa ya moto katika silinda husababisha petroli kulipuka kwa wakati usio wake. Dereva anaweza kusikia injini ikigonga. Mgongo huo hauhitaji muda mrefu kuvunja kingo za pistoni, kupasua ringi au kuunguza gasketi ya silinda hedi. Hatari huwa kubwa zaidi kwa injini ambayo haikutengenezwa kwa ajili ya turbo, kwa kuwa mkandamizo wake wa asili huwa juu.

Kutokana na hayo, kufunga mitambo yenyewe ni sehemu ndogo ya kazi. Nozeli na pampu ya mafuta lazima ziweze kutoa petroli inayolingana na hewa mpya. Kompyuta ya injini lazima ipangwe upya, na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na mafuta kiangaliwe gari likiwa chini ya mzigo. Petroli yenye okteni ndogo hupunguza kiwango cha msukumo kinachoweza kuvumilika. Inahitajika pia valvu ya kupitisha hewa kando ya supachaja pale turbo inapochukua kazi, kwani bila hiyo supachaja hugeuka kuwa kizuizi. Klachi, gia, breki na matairi navyo hubeba mzigo ambao havikukusudiwa kuubeba.

Kwa madereva wa miji iliyo juu, kama Nairobi iliyo kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kuna sababu ya kweli ya kutamani mitambo hii. Hewa huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani, na injini isiyosukumiwa hewa hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Lakini upungufu huo unaweza kuzibwa na turbo moja iliyochaguliwa kwa kipimo sahihi cha injini. Mitambo miwili huleta mikanda, mabomba, viungio na vipoza zaidi katika nafasi ileile chini ya boneti, na hitilafu inapotokea, fundi huwa na sehemu nyingi zaidi za kukagua kabla ya kuipata.