Kifusi cha Bure

Katika nyumba yangu kiko chumba kimoja nisichokipita bila kufikiri. Ni chumba cha uani, wanamolala wajukuu wakija likizo. Nilipokijenga fedha zilikuwa zimenipungukia, na upande ule wa kiwanja ulikuwa na shimo kubwa. Dereva mmoja wa lori akaniambia, "Mzee, kuna jivu la kiwandani, wanalitupa. Ni bure, wewe lipia mafuta tu." Nikalipia. Yakaja malori matatu ya kifusi cha kijivu, kikashindiliwa, zege likamwagwa juu yake. Fundi aliisifu kazi. Mimi sikuuliza lile lilikuwa jivu la nini.

Nilikuja kuuliza baada ya kustaafu, nilipopata wasaa wa kusoma. Nikakuta kwamba jambo lile si geni, na lina historia ya heshima.

Mwaka 1862 Mjerumani mmoja, Emil Langen, aliyachunguza mavi ya chuma, yaani yale masazo yanayoelea juu ya chuma kilichoyeyuka tanurini, ambayo viwanda viliyalundika kama vilima. Aligundua kwamba yakipozwa ghafla kwa maji huwa chembechembe kama kioo, na chembe hizo zikisagwa na kuchanganywa na chokaa, hushika na kuwa ngumu. Leo mavi ya chuma yamo katika saruji ya nchi nyingi.

Kisha likaja jivu la makaa ya mawe. Kati ya mwaka 1948 na 1953 Wamarekani walijenga bwawa la Hungry Horse katika jimbo la Montana, ukuta wake ukiwa na kimo cha mita 172. Sehemu ya saruji waliibadilisha kwa jivu laini linalopaa na moshi wa mitambo ya umeme. Saruji inaposhika hutoa joto, na joto likizidi ndani ya zege nene, zege hupasuka. Jivu lilipunguza joto, likapunguza na gharama.

Naam, ndugu msomaji, hapo nilianza kujiona mtu mwerevu. Furaha yangu haikudumu.

Katika miaka hiyohiyo, kusini zaidi, mji wa Grand Junction, jimbo la Colorado, ulikuwa na kinu cha kusagia madini ya urani. Mchanga uliobaki ulikuwa laini, safi kwa macho, na wa bure. Hadi mwaka 1966 wenyeji na makandarasi waliuchota, wakaujazia chini ya sakafu za nyumba, wakauchanganya na zege. Lakini ndani yake ilibaki rediamu, na rediamu hutoa gesi ya radoni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo mtu akiivuta muda mrefu yaweza kumletea saratani ya mapafu. Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kugharimia usafishaji. Sakafu zilivunjwa, mchanga ukachimbuliwa. Kazi iliendelea hadi miaka ya 1990, na ikagusa majengo na viwanja zaidi ya 4,000.

Langen alichunguza kwanza, ndipo watu wakajenga. Kule Grand Junction walijenga kwanza. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami niliyekuwa nikiwafundisha watoto methali hiyo darasani, niliona aibu kumuuliza dereva swali moja.

Huenda langu ni jivu la kuni tu, halina neno. Kile kiwanda kimekwisha fungwa, na yule dereva sijui aliko. Juzi nilimwita fundi atoboe sakafu kwenye kona, tukatoa jivu la kujaza kopo. Mwanangu atalipeleka kwenye maabara likapimwe. Wajukuu wanakuja mwezi ujao, na vitanda vyao nimekwisha vihamishia sebuleni.