Deni la Msimbo wa KHTML

Kivinjari cha Chrome tunachokifungua katika simu zetu hakikuanzia Google. Wanaprogramu wa mradi wa KDE, wengi wao wakijitolea, waliandika KHTML, chombo cha kusoma kurasa za intaneti na kuzionyesha kwenye kioo. Waliitoa kwa leseni ya LGPL: kila mtu aweza kuitumia, hata kwa biashara, ila akiibadilisha na kuisambaza, sharti autoe pia msimbo wa mabadiliko yake.

Januari 2003 kampuni ya Apple ilitangaza Safari, iliyojengwa juu ya KHTML. Leseni iliheshimiwa, mabadiliko yakatolewa. Lakini yalikuja kwa mafurushi makubwa, bila maelezo ya kila badiliko, hata wenye kazi ya kwanza wakashindwa kuyaunganisha na msimbo wao. Deni lililipwa, twaweza kusema, kwa sarafu isiyopokelewa sokoni. Wakanung'unika hadharani, na Juni 2005 Apple ikafungua ghala la WebKit, kila mtu aione kazi ikiendelea siku kwa siku.

Juu ya WebKit Google ilijenga Chrome mwaka 2008, na mwaka 2013 ikashika njia yake kwa jina la Blink. Mwaka 2020 hata Edge ya Microsoft ilihamia huko. KHTML yenyewe haiendelezwi tena, lakini majina ya baadhi ya waandishi wake yangali juu ya mafaili ya Blink, pamoja na leseni yao.