Mgongo wa Gari la Theluji

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maneno haya yamfaa sana mtu anayeitazama kwa mbali nchi iliyofunikwa na theluji. Ardhi yote huonekana nyeupe, laini na tulivu, hata mtu akadhani aweza kupita juu yake huku amelala. Walakini aliyesafiri huko kwa gari la theluji ajua kwamba sivyo. Upepo huifanya theluji kuwa mawimbi. Magari yapitayo njia moja kila siku huyashindilia mawimbi hayo yakawa matuta. Na baridi ya usiku huyagandisha matuta yakawa magumu kama mawe. Mwenye kuketi juu ya gari huyapokea yote mgongoni mwake. Kwa hiyo historia ya chombo hiki si historia ya injini peke yake. Ni historia ya springi na shokapu pia, yaani ya jinsi binadamu alivyojitahidi kuuokoa mgongo wake.

Joseph-Armand Bombardier alizaliwa mwaka 1907 katika kijiji cha Valcourt, jimbo la Quebec, nchini Kanada. Siku zile barabara za mashamba katika jimbo hilo hazikuondolewa theluji. Kipupwe kilipoingia, wenye motokaa waliziweka bandani, wakarudia farasi na sleji. Bombardier alipenda mashine tangu utoto, na alipokuwa na miaka 15 tu alikwisha kuunda chombo cha kwendea thelujini. Akawa fundi wa motokaa, na kila alipopata nafasi aliendelea na majaribio yake. Katika kipupwe cha mwaka 1934 mtoto wake Yvon, mwenye miaka miwili, alishikwa na ugonjwa mkali wa tumbo. Hospitali ilikuwa Sherbrooke, umbali wa kilomita 50 hivi. Lakini njia zilikuwa zimezibwa na theluji, na mtoto akafa. Kilomita 50 si mwendo mrefu kwa motokaa penye njia, lakini siku ile zilikuwa sawa na bahari isiyo na jahazi.

Baba hakuacha kazi yake. Mwaka 1937 serikali ya Kanada ilimpa haki ya uvumbuzi wake, nao ulikuwa gurudumu lenye meno, lililofunikwa kwa mpira, likizungusha ukanda mpana uliokanyaga theluji mahali pa magurudumu ya nyuma. Akaanza kuuza gari la kuchukua watu saba. Magari ya namna hiyo yaliwachukua madaktari, wagonjwa, makasisi, barua na hata watoto wa shule. Lakini mwaka 1948 serikali ya Quebec iliamuru barabara ziondolewe theluji, na soko la magari hayo makubwa likapungua ghafula. Ndipo Bombardier aliporudia wazo lake la zamani, la chombo chepesi cha mtu mmoja au wawili. Mwaka 1959 alitoa gari dogo liitwalo Ski-Doo, lenye skii mbili mbele za kuteleza na kuongoza, na ukanda mmoja wa mpira nyuma wa kusukuma. Huko Minnesota, Marekani, mafundi wa Polaris nao walikuwa wamekwisha kuanza kazi kama hiyo katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 mmoja wao, Edgar Hetteen, alisafiri na wenziwe zaidi ya maili 1,000 katika Alaska, ili watu waamini kwamba vyombo hivi si vya mchezo.

Basi na tutazame nyuma ya gari hilo, ndani ya ukanda, kwa kuwa hapo ndipo uzito mwingi wa mwendeshaji hulala. Magari mepesi ya kwanza yalikuwa na vigurudumu vidogo vilivyofungwa makundi makundi juu ya mikono yenye springi. Vigurudumu hivyo viliubana ukanda chini juu ya theluji. Mpango huu ulikuwa mwepesi na imara, lakini nafasi ya kupanda na kushuka ilikuwa ndogo mno. Gari lilipopiga tuta, springi zilifika mwisho wa mwendo wake, na pigo lililobaki likampata mtu. Baadaye, katika miaka ya 1960 na 1970, reli mbili zilichukua mahali pa vigurudumu vingi. Ukanda huteleza chini ya reli hizo juu ya vipande vya plastiki, na theluji yenyewe hulainisha na kupoza. Reli zimeshikwa na mikono miwili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, nayo mikono hiyo huinuka na kushuka kwa msaada wa springi na shokapu.

Yafaa tutofautishe vitu hivi viwili, maana watu wengi huvichanganya. Springi hubeba mzigo, na ikibanwa huweka ile nguvu ya pigo. Lakini haiwezi kuimaliza. Itairudisha yote, na mwendeshaji atarushwa juu kama mpira. Shokapu ndiyo imalizayo. Ndani yake mna pistoni inayosukuma mafuta yapite katika matundu membamba, na kwa ukinzani huo nguvu ya pigo hugeuka kuwa joto. Ndiyo sababu shokapu iliyofanya kazi nyingi huwa ya moto hata katikati ya barafu. Na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa shokapu za kale: mafuta yalichanganyika na hewa yakafanya povu, na povu halizuii kitu. Baada ya maili chache za matuta, gari lililotoka nyumbani likienda vizuri lilianza kurukaruka.

Dawa yake ilitokea mbali na theluji. Katika miaka ya 1950 mhandisi Mfaransa, Christian Bourcier de Carbon, aliunda shokapu ya motokaa ambayo mafuta yake yametengwa na gesi yenye shinikizo, hata povu lisipate nafasi. Namna hiyo ilienea kwanza katika motokaa, na baadaye ikaingia katika magari ya theluji. Leo mwenye gari kuukuu akitaka kulifufua, mara nyingi huanzia hapo. Huziondoa shokapu zilizozibwa kabisa kiwandani, ambazo zikichoka hutupwa, akatia za gesi ambazo fundi aweza kuzifungua, kubadili mafuta na kupanga upya vali zake. Ile ya mkono wa mbele hulipokea tuta kwanza. Ile ya nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mtu na mizigo. Lakini shokapu ya thamani kubwa haifai kitu ikiwa springi hazikuchaguliwa kwa uzito wa mwendeshaji. Ikiwa ngumu kupita kiasi, hupiga mgongo sawasawa na ile iliyochakaa.

Je, mgongo ulipumzika? Hapa historia yatupa jibu la ajabu. Mwaka 1966 yalianza mashindano ya maili 500 hivi, kutoka Winnipeg, Kanada, hadi St. Paul, Minnesota, na washindani wakaona kwamba ashindaye si mwenye injini kubwa tu, bali ni yule ambaye gari lake halimrushi. Viwanda vikajitahidi, na kila mara springi na shokapu zilipoboreshwa, watu hawakwenda kwa raha zaidi; walikwenda mbio zaidi. Faraja yote iliyopatikana iliuzwa ili kununua mwendo, na matuta yakarudi kuwa makali kama zamani.

Jambo hili liliwagusa hata wasioshindana. Wasami wa kaskazini mwa Ufini, wafugao kulungu wa kaskazini, walianza kutumia magari ya theluji mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika muda wa miaka michache waliacha kusafiri kwa sleji zilizokokotwa na kulungu. Asiyeweza kununua gari na petroli alishindwa kuendelea na ufugaji. Aliyeweza, alikaa juu ya mashine saa nyingi kila siku, na madaktari waliowachunguza wafugaji wa nchi hizo wamekuta maumivu mengi ya mgongo na viungo. Kwa mtu kama huyo shokapu njema si pambo wala majivuno. Ni chombo cha kazi, kama mpini wa jembe uliochongwa vizuri.

Bombardier alikufa mwaka 1964, kabla ya kuziona reli na shokapu za gesi zikienea. Yeye hakutafuta mbio. Alitafuta njia ya kumfikisha mgonjwa hospitalini. Mgonjwa akichukuliwa juu ya matuta, hatoshelezwi na kufika upesi tu, bali yampasa afike salama. Injini ndiyo iliyomwezesha binadamu kuingia thelujini. Kama aweza kudumu humo bila kuumia, hilo lategemea vyuma viwili vilivyofichwa ndani ya ukanda, na hekima ya mwenye kuvichagua.