Palizi ya maharage

Palizi ya maharage ni kazi ya kuondoa magugu katika shamba la maharage (Phaseolus vulgaris). Zao hili hukomaa kwa miezi 3 hivi na majani yake huchelewa kufunika ardhi, hivyo magugu ya wiki za mwanzo ndiyo hudhuru zaidi: huwania maji, mwanga na rutuba, na mmea hubaki na matawi machache na maganda haba. Magugu yanayoota baada ya majani kufunga mistari hupunguza mavuno kidogo tu, ingawa husumbua wakati wa kuvuna.

Palizi ya kwanza hufanywa wiki 2 hadi 3 baada ya kupanda, ya pili kabla ya maua. Jembe lisizame, kwa kuwa mizizi mingi, pamoja na vinundu vyenye bakteria wa naitrojeni, iko juujuu. Shamba lenye maua haliguswi, kwani maua hupukutika. Wala lenye umande, maana mpaliaji hueneza ugonjwa wa chule. Kati ya magugu, ndago ni sumbufu kuliko yote: ukikata majani, viazi vyake huchipua upya. Gugu la kongwa lililong'olewa litolewe shambani, la sivyo huota tena.