Jembe, Ngoma na Watu wa Makamo Usukumani

Katika nchi ya Wasukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, majirani walijiunga katika vikundi vya kulima kwa zamu, ambavyo wanachama wake walifuata mapigo ya ngoma na nyimbo, na ni katika kilimo hicho cha pamoja ndimo ilimozaliwa bugobogobo, ngoma ambayo wachezaji wake huinua, huzungusha na hata kurusha majembe hewani. Mavuno yalipokwisha, ngoma zilihamia viwanjani, ambako vyama vya ngoma vya Bagalu na Bagika, vinavyohusishwa na waganga mahasimu wa karne ya 19, Gumha na Ngika, vilishindania watazamaji, na chama kilichovuta umati mkubwa zaidi ndicho kilichoshinda. Thamani kubwa ya utaratibu huo wa kulima kwa zamu ni kwamba mtu wa makamo, yaani aliyevuka ujana bila kufikia uzee, hakuhitaji kuhimizwa autumikishe mwili wake, kwa kuwa waliomlimia walimngoja katika mashamba yao. Jembe la kukokotwa na ng'ombe lilipoenea pamoja na kilimo cha pamba, haja ya mikono mingi ilipungua, ingawa bugobogobo ingali ikichezwa Bujora, karibu na Mwanza, katika sikukuu ya Bulabo.